Anayeombewa grinkadi, aendelee kuvuka Mpondwe au atulie nyumbani?

KASESE – Mfanyabiashara wa Bwera anayevuka mto Lubiriha mara mbili kwa wiki, na ambaye mumewe yuko Marekani, ana swali ambalo wakala wa forodha hawezi kumjibu. Mume ameshapeleka maombi ya grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Faili limepokelewa, halijaamuliwa. Je, mama huyu aendelee kupeleka samaki wakavu na chumvi ya Katwe hadi Kasindi, Beni na Butembo, au atulie nyumbani asije akaharibu?

Wapo wanaomshauri atulie. Wanasema ukishaombewa, kutoka nje ya nchi ni kulifuta faili. Anayefuata ushauri huo hufunga duka, huwaachia wengine wateja wa Butembo, na mtaji huliwa kidogo kidogo kwa karo na chakula. Mwaka ukiisha, viza haijaja na biashara haipo tena.

Ushauri huo si sahihi kwake, ingawa una chanzo cha kweli. Sheria ya Marekani inayo kanuni kali inayomzuia mwombaji kutoka nje ya nchi bila kibali wakati faili lake likisubiri. Lakini kanuni hiyo inamhusu mwombaji aliyeko ndani ya Marekani. Aliyeko Bwera yuko nje tayari, na hakuna fomu inayomtaka aombe ruhusa Washington ili avuke kwenda Kasindi. Kinachoweza kumharibia ni vitu vingine kabisa, na vingi kati ya hivyo vinatokana na namna anavyovuka, si na kuvuka kwenyewe.

Njia mbili zisizofanana

Mume au mke aliyeko Marekani, akiwa raia au mwenye grinkadi, huanza kwa kujaza fomu I-130 na kuipeleka USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya nchi hiyo. Fomu hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba ndoa ni ya kweli na halali. Haimpi mtu ruhusa ya kuingia.

Baada ya hapo njia hugawanyika. Mwenza aliyeko nje hupelekewa faili lake katika kituo cha taifa cha viza, NVC, kilichoko Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Hapo hulipa ada, hujaza fomu DS-260 kwenye intaneti, huwasilisha hati zake na za mdhamini, kisha huitwa kwenye mahojiano ubalozini. Mwenza aliyeko ndani ya Marekani kihalali, kwa mfano aliyeingia kwa viza ya masomo, anaweza kuomba abadilishiwe hadhi hukohuko kwa fomu I-485 bila kurudi nyumbani. Huyu wa pili ndiye anayefungwa miguu. Huyu wa kwanza hafungwi.

Mwenza wa raia wa Marekani hana foleni ya nafasi. Anasubiri karatasi zake zishughulikiwe tu. Mwenza wa mwenye grinkadi yumo katika kundi linaloitwa F2A, ambalo lina idadi maalumu kwa mwaka, na tarehe zake hutangazwa kila mwezi katika taarifa ya viza ya Wizara ya Mambo ya Nje. Mdhamini akipata uraia wakati faili likiendelea, mwenza hutoka kwenye foleni hiyo. Hata hivyo watoto walioorodheshwa chini ya faili la mama yao hawahami naye: mdhamini akiwa raia, kila mtoto anahitaji fomu I-130 yake mwenyewe. Familia nyingi hugundua hili zikiwa zimechelewa.

Kusubiri kumerefuka

Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kusimamisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, kuanzia tarehe 21 ya mwezi huo. Uganda imo katika orodha hiyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Rwanda zimo pia. Kenya haikuwekwa. Kwa mujibu wa tangazo hilo, maombi yangeendelea kupokelewa na watu wangeendelea kuitwa kwenye mahojiano, lakini viza zenyewe hazingetolewa wakati agizo likitumika. Lilipotangazwa halikuwekewa tarehe ya mwisho. Viza za matembezi na biashara hazikuguswa na agizo hilo.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni moja. Hata kabla ya hapo faili la mwenza lilikuwa jambo la mwaka mzima au zaidi. Anayefunga biashara leo kwa matumaini kwamba miezi sita ijayo atakuwa ndani ya ndege anacheza kamari na mtaji wake. Kabla ya kuuza kibanda, kukabidhi lori au kukatisha mkataba wa ghala, asome tangazo la karibuni katika tovuti ya wizara hiyo au ya ubalozi, si ujumbe uliosambazwa kwa simu.

Kuvuka si kuishi

Hati inayowasumbua zaidi watu wa mpakani ni ya polisi. Kila mwombaji wa umri wa miaka 16 na zaidi hutoa hati ya nchi yake, na Waganda huipata katika ofisi ya Interpol ya Polisi ya Uganda mjini Kampala. Lakini hutakiwa pia hati ya kila nchi nyingine alikowahi kuishi kwa miezi 12 au zaidi baada ya kufikisha umri huo.

Neno la kuangalia hapa ni kuishi. Mama anayevuka asubuhi na kurudi Bwera jioni haishi Kongo, hata akifanya hivyo kwa miaka kumi. Anayelala Beni siku mbili akisubiri malipo haishi Beni. Lakini aliyepanga nyumba Butembo mwaka 2016, akafungua duka, akakaa mwaka na nusu, huyo ameishi Kongo na atadaiwa hati ya Kongo. Fomu DS-260 inauliza mahali pote mtu alipoishi tangu umri wa miaka 16, kazi zake, na nchi alizotembelea katika miaka mitano iliyopita. Kongo haiwezi kukosekana kwenye jibu la mtu wa Mpondwe. Kuiacha kwa hofu ya Ebola au ya vita ni kosa kubwa kuliko kuiandika.

Kuipata hati hiyo ya Kongo ndiyo kazi. Kivu Kaskazini imekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na Goma, makao makuu ya mkoa, ilitekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025. Safari ya kwenda kutafuta mihuri huko si ile ya zamani. Anayejua kwamba aliishi upande ule aanze mapema kuulizia Beni au Butembo, na ahifadhi risiti na barua za kila ofisi aliyoiendea. Hati ikiwa ya Kifaransa itahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwagharimu wafanyabiashara kuliko watu wengine. Hati ya polisi hudumu miaka miwili. Ile ya nchi uliyoishi zamani haiishi muda iwapo hujarudi tena nchini humo tangu ilipotolewa. Mtu aliyehama Butembo moja kwa moja anatoa hati mara moja tu. Lakini anayerudi Kongo kila wiki kwa biashara, hati yake inazeeka kama ya nyumbani, na viza ikichelewa atalazimika kuitafuta upya. Hiyo si sababu ya kuacha kuvuka. Ni sababu ya kutokimbilia kuichukua hati miaka miwili kabla ya kuhitajika.

Kwa madereva wa masafa marefu hesabu ni ileile. Dereva aendeshaye lori kutoka Mombasa kupitia Malaba na Kampala hadi Mpondwe hapati makazi Kenya kwa sababu ya kulala Mariakani. Lakini wako waliopanga chumba Mombasa kwa miaka miwili wakiwa watanboi, na wako waliofanya kazi Juba zaidi ya mwaka. Hao watadaiwa hati ya Kenya au ya Sudan Kusini. Dereva anayeweka daftari la safari zake, hata la mkono, hujibu maswali haya kwa dakika chache. Asiyeliweka hubahatisha, na majibu ya kubahatisha hutofautiana kati ya fomu na mahojiano.

Kadi mbili mfukoni

Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Lubero ni watu wa lugha moja, na mto Lubiriha haujawahi kutenganisha ukoo. Ndiyo maana si ajabu kukuta mtu mwenye kitambulisho cha taifa cha Uganda upande huu na kadi ya mpiga kura ya Kongo upande ule. Kadi hiyo hutumika Kongo kama kitambulisho, na barabarani kuelekea Beni hupunguza usumbufu.

Kwenye faili la uhamiaji kadi hiyo ni moto. Kadi ya mpiga kura ni tamko kwamba mwenye nayo ni Mkongo. DS-260 inauliza uraia wote ambao mtu anao au aliwahi kuwa nao, pamoja na majina mengine yote aliyowahi kutumia. Sheria ya Kongo haikubali uraia wa nchi mbili. Uganda imeuruhusu kwa masharti tangu sheria ya mwaka 2009. Mwombaji aliyejiandikisha upande ule kwa jina la babu na tarehe nyingine ya kuzaliwa anatakiwa kumweleza wakili wake kabla ya fomu kujazwa. Kudanganya katika jambo la msingi ili kupata viza hufunga mlango wa Marekani maisha, isipokuwa mtu apewe msamaha maalumu, nao si rahisi.

Uraia pia huamua ubalozi. Ubalozi wa Marekani mjini Kampala haushughulikii viza za uhamiaji. Mganda huitwa Nairobi. Mkongo anayeishi Kongo huitwa Kinshasa. Kwa hiyo ndugu wawili wanaouza kakao katika soko moja, mmoja wa Mpondwe na mwingine wa Kasindi, faili zao huenda pande mbili za bara, na wa Kasindi hana njia ya kufika kwake kwa basi.

Njia za panya na vizuizi vya msituni

Anayevuka darajani kwa pasipoti au kwa hati ya muda huacha rekodi inayoeleweka. Anayepita njia ya panya hana rekodi, na wengine hudhani hiyo ni faida. Siku akikamatwa ndipo rekodi huanza. Fomu inauliza kama mtu amewahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote, popote, hata kama alisamehewa. Na pale alipokamatwa, hati ya polisi ya mahali hapo hutakiwa bila kujali aliishi kwa muda gani. Usiku mmoja katika mahabusu ya Kasindi kwa sababu ya vitenge visivyolipiwa ushuru unaweza kumletea mtu safari ya hati ambayo mwenzake aliyeishi Kampala maisha yake yote haijui. Kosa lenyewe kwa kawaida si la kumnyima viza. Kulificha ndiko kunakomnyima.

Lipo jambo zito zaidi ambalo halizungumzwi sana sokoni. Fomu inauliza kama mwombaji amewahi kutoa fedha au msaada kwa kundi la kigaidi. Mfanyabiashara wa Bwera husoma swali hilo, hucheka, huweka hapana. Kwa wengi hapana ndilo jibu la kweli. Lakini wapo waliowahi kulipa watu wenye bunduki njiani ili mzigo upite. ADF, kundi lililoshambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapo Mpondwe usiku wa tarehe 16 Juni 2023, liliwekwa na Marekani katika orodha ya makundi ya kigaidi ya kigeni Machi 2021. Na sheria ya nchi hiyo haiishii kwenye orodha. Inagusa pia makundi yenye silaha ambayo hayajaandikwa popote, na hapo ndipo wanamgambo wa Mai-Mai wanapoweza kuingia katika hesabu.

Mwaka 2016 baraza la rufaa za uhamiaji la Marekani liliamua kwamba sheria yenyewe haina kifungu cha kumwondolea lawama aliyelipa kwa kulazimishwa. Msamaha upo, ila hutolewa na serikali kwa hiari yake baada ya kuchunguza. Aliyewahi kulipa kizuizi cha namna hiyo asijaze swali hilo peke yake wala kwa msaada wa kijana wa kafe ya intaneti. Amweleze wakili wa uhamiaji mwenye leseni nini kilitokea, lini na wapi, na akiwa na taarifa aliyoitoa polisi au kwa chama cha wasafirishaji wakati huo, aitunze.

Laini ya simu iliyobadilishwa

Faili linaweza kufa kwa ukimya tu. Kituo cha NVC kikituma taarifa na mwombaji asijibu kwa mwaka mzima, usajili wake unaweza kufutwa. Mtu wa mpakani ana laini ya Uganda, laini ya Kongo, na barua pepe iliyofunguliwa na mpwa ambaye sasa yuko Kampala na amesahau neno la siri. Wakili anaandika, mfumo unatuma, hakuna anayesoma. Barua pepe ya faili iwe ya mwombaji mwenyewe, isomwe kila wiki, na mume aliyeko ng'ambo awe na uwezo wa kuifungua.

Pasipoti nayo ina mambo yake. Anayegongewa mihuri Mpondwe na Kasindi kila safari humaliza kurasa haraka kuliko miaka. Ikibidi abadilishe pasipoti katikati ya faili, namba mpya ipelekwe NVC au ubalozini, na ile ya zamani isitupwe: mihuri yake ndiyo ushahidi wa safari zilizoandikwa kwenye fomu.

Kwenda kumtembelea mume

Je, mama huyu anaweza kwenda Marekani kwa matembezi wakati ombi likisubiri? Hakuna sheria inayomkataza kuomba viza ya matembezi. Lakini ofisa wa viza huanza kwa kudhani kwamba kila mwombaji anataka kuhamia, na ni kazi ya mwombaji kuthibitisha kinyume chake. Mwenye I-130 ameshaandika kwa maandishi kwamba anataka kuhamia. Fomu ya viza ya matembezi inauliza wazi kama kuna aliyewahi kumwombea ukaazi. Jibu ni ndiyo. Duka linaloendelea, lori lenye hati kwa jina lake, watoto walioko shule Kasese na mkopo wa benki unaolipwa humsaidia. Aliyefunga biashara ili asubiri hana cha kuonyesha. Hapa ndipo ule ushauri wa kutulia unapomgeuka aliyeufuata.

Njia rahisi zaidi ni mume kuja. Raia wa Marekani au mwenye grinkadi anayekuja Bwera kumwona mkewe haharibu faili. Mihuri ya safari hizo, picha na risiti ni ushahidi kwamba ndoa ipo kweli. Ila asije akakaa. Mdhamini anayesaini fomu I-864 ya kumtunza mwenza lazima awe na makazi Marekani na kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachowekwa na serikali yake. Mume aliyerudi Kasese miaka miwili kusimamia malori, akaacha kazi huko, atalazimika kueleza makazi yake yako wapi. Kama ni mwenye grinkadi, kukaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi kunahatarisha grinkadi yake mwenyewe, na hapo hakuna tena wa kumwombea mtu.

Aliyeko ndani ndiye wa kutulia

Sasa mfano wa upande wa pili. Msafirishaji wa Kasese ameoana na raia wa Marekani. Ameingia huko kihalali, mambo yamebadilika, wamepeleka I-130 na I-485 pamoja, naye anasubiri hukohuko. Mpondwe simu inaita: mshirika wake amezuiwa na mzigo wa saruji, fedha za wateja wa Beni zinadaiwa, lori limekwama. Anakata tiketi ya Entebbe.

Akipanda ndege hiyo bila ruhusa ya awali ya kusafiri, inayoombwa kwa fomu I-131, ombi lake la I-485 linahesabiwa kuwa ameliacha. Haitasaidia kueleza kwamba alikwenda wiki moja tu. Wako wachache wanaosamehewa kanuni hii, kama wenye viza za kazi za H-1B na L-1, lakini mwanafunzi au mtalii hayumo. Kuomba tu ruhusa hakutoshi. Lazima iwe imetolewa kabla ya kuondoka na iwe bado hai siku ya kurudi. Aliyepoteza njia hiyo huanza upya kupitia Nairobi, na kama ni Mganda atakutana na agizo la Januari 2026, ambalo linahusu viza zinazotolewa nje. Aliyewahi kukaa Marekani bila hadhi halali zaidi ya siku 180 kabla ya kuondoka anaweza pia kufungiwa miaka 3. Zaidi ya mwaka, miaka 10.

Msiba ni jambo jingine. Mama akifariki Kisinga au Kyarumba, ofisi ya USCIS ya eneo anakoishi mwombaji inaweza kutoa ruhusa ya dharura kwa anayefika na ushahidi. Walioko nyumbani wanaweza kumsaidia kwa kutuma haraka karatasi za hospitali, hati ya kifo na barua ya mwenyekiti wa LC1. Ikiwa kifo kimetokea Oicha au Beni, karatasi za Kifaransa zitafsiriwe kabla ya kutumwa, maana ofisa wa dirishani hatasubiri. Kwa mzigo uliokwama forodhani hakuna dirisha la dharura la kutegemea. Kabla ya kupeleka I-485, mwenye biashara Mpondwe aache hati ya uwakili kwa mtu anayemwamini, itakayomwezesha kusaini mbele ya URA, benki na wateja.

Siku za mwisho kabla ya Nairobi

Mwaliko wa mahojiano ukifika, ndipo ratiba ya mpakani inapostahili kupunguzwa. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi pekee, na unajumuisha picha ya kifua kwa watu wazima. Kukiwa na dalili za kifua kikuu, makohozi huoteshwa maabara kwa takriban wiki nane. Anayekohoa kwa vumbi la barabara ya Kasindi atibiwe mapema, asisubiri mwezi wa mahojiano.

Ebola nayo haisahauliki Bwera. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo alithibitishwa kuwa na ugonjwa huo akiwa hospitali ya Bwera, wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri uliodumu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Mlipuko wa Mubende wa 2022 uliifanya Marekani, kuanzia Oktoba mwaka huo, iwaelekeze abiria waliotoka Uganda kwenye viwanja 5 tu vya ndege kwa uchunguzi. Hakuna kati ya hayo kilichofuta faili la mtu, lakini safari ya Beni wiki mbili kabla ya mahojiano wakati kuna mlipuko ni kujitafutia maswali na pengine karantini.

Kwenda Nairobi, Mganda huweza kupita Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014 kati ya Uganda, Kenya na Rwanda. Ubalozini kitambulisho hicho hakitoshi. Asafiri na pasipoti yenyewe, za zamani zikiwemo, na hati ya ndoa iliyosajiliwa. Ndoa ya kimila iliyofungwa kwa mbuzi na wazee bila kusajiliwa serikalini haina karatasi ya kuonyesha, na kusajili wiki ya mwisho huzua maswali.

Viza ikitolewa, uhai wake hufungwa na uchunguzi wa afya, ambao kwa kawaida hauzidi miezi 6. Ndani ya muda huo lazima mtu awe ameingia Marekani. Kwa hiyo madeni ya Butembo yakusanywe kabla ya kwenda kwa daktari, kwa sababu mteja wa mkopo akijua una tarehe ya ndege hujificha. Yatakayobaki hayajapotea: viza hiyo ikishagongwa muhuri uwanjani hutumika kama grinkadi kwa mwaka mmoja, na mwenye nayo anaweza kurudi Bwera kufuata fedha zake hata kabla ya kadi yenyewe kufika kwa posta.